Boga la Dorkasi

Dorkasi aliingia sebuleni na boga kubwa mikononi, akambwagia mposaji mapajani. Hata shikamoo hakutoa.

Alifundishwa na madamu wake, mama wa Kiukreni aliyeolewa hapa Somanda. Kila Jumamosi anawafundisha mabinti kudarizi vitambaa vya kwao, kuoka mikate ya kwao, na hili: kwao msichana akimkataa mposaji humpa boga, na bwana huondoka na aibu yake.

Ila huku kwetu boga ni chakula, jamani.

Vigelegele vikapasua bati. "Wabeja, binti!" mjomba wa mposaji alishukuru. "Hata hajaolewa, ameshaanza kulisha! Ongezeni ng'ombe!"

Mposaji, mzee mwenye meno ya kuhesabika, alilipapasa boga taratibu kama anapapasa shavu. Udongo ulimchafua suruali nyeupe. Hakuufuta.

"Madamu, waambie maana yake," Dorkasi alisema.

Baba yake akamgeukia yule mama aliyekaa pembeni kama mgeni. Darasa lake liko kwenye chumba cha baba huyu, bure, na mji mzima hakuna mwingine aliyekubali kumpa.

"Eti madamu," baba alisema akitabasamu, "kwenu boga maana yake nini? Sema tu, usiogope. Chumba changu, boga la shambani kwangu, binti wangu."

Madamu alimtazama Dorkasi. Kisha akatazama sakafu.

"Maana yake," alisema kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "binti amependa."