Kulungu Aliyevaa Skafu

Kulungu jike alitoka kichakani amevaa skafu nyekundu shingoni, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiganja cha Mzee Orville Haugen, akaanza kula mahindi.

"Usiogope, Lorna," mzee alimnong'oneza. "Huyu ni Britta, binti wa hifadhi. Hana ubaya."

Britta, mtunzaji wa hifadhi ya kaunti, alisimama kama gogo asije akamshtua. Lorna lilikuwa jina la mke wa mzee, aliyezikwa barafu ilipoanza kuyeyuka. Skafu nayo ilikuwa yake.

"Jumamosi mtamuua," mzee alisema bila kugeuka.

Kulungu walikuwa wamezidi. Walitafuna maua ya porini na miche ya mialoni hadi msitu ukabaki na miti mizee isiyo na watoto. Ndiyo maana kila Novemba kaunti ilifunga malango ya hifadhi na kuwaingiza wawindaji wenye pinde wawapunguze. Na kwa kuwa wawindaji wote hukimbilia pembe, sharti liliwekwa: asiyeleta jike kwanza kwenye mizani ya langoni hapewi kibali cha dume.

Mwaka huo kila mtu aliota dume moja tu, lile ambalo kamera za hifadhi zilikuwa zimelipiga picha, pembe zake kama mti uliopukutika majani.

"Niache nikae naye siku hiyo," mzee aliomba. "Nikae tu. Ile mitofaa kule bondeni aliipanda babu yangu, kabla kaunti haijanunua shamba letu. Lorna hupenda kushinda pale."

"Mzee wangu, siku hiyo haingii mtu asiye na kibali cha kuwinda."

"Basi nipe hicho kibali. Nitabeba upinde wangu wa zamani, mradi sheria iridhike."

Sehemu za kuwindia zilipangwa kwa kura. Britta, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kuvunja hata sheria ya kuegesha gari, aliitoa sehemu ya mitofaa kwenye kura kimyakimya, akampa mzee.

Ijumaa jioni wawindaji walikutana katika shule ya zamani ya chumba kimoja, ambayo kaunti imeigeuza makumbusho. Walikula soseji na jibini wamejibana kwenye madawati ya watoto wa zamani. Britta aliinuka. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya.

"Kuna jike amevaa skafu nyekundu," alisema. "Nawaomba mumwache."

"Na hereni amevaa?" aliuliza Darrell Pruski, fundi bomba mwenye domo. Watu wakaangua kicheko. "Dada, mizani yako haijui skafu. Jike ni jike. Huyo akinipitia mbele, ndiye atakayenifungulia mlango wa lile dume."

"Darrell," alisema Mama Fern, mwindaji mkongwe kuliko wote pale, "wewe mkeo ulimzika lini?"

Kicheko kikakatika. Nyuma kabisa, Mzee Haugen alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi.

"Mwache kijana, Fern," alisema taratibu. "Kila mtu na moyo wake."

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, kuahidi. Wa Darrell ulikuwa wa mwisho, na haukupita bega.

Jumamosi Britta alishinda langoni kwenye mizani, kahawa ikimpoea mkononi. Bunduki humjulisha mtu. Mshale hauna kishindo. Kila pikapu iliyotoka msituni aliikimbilia na kuchungulia nyuma kabla injini haijazimwa. Mama Fern alileta jike mnene, shingo tupu. Ndugu wawili wakaleta mwingine. Britta aliwatazama kulungu meno kujua umri, akawapima, akatoa vibali vya dume, na kila mara moyo ulimrudi kifuani.

Kisha akaja Darrell. Nyuma ya pikapu yake palikuwa na turubai lililotuna. Aliteremka polepole, bila mzaha hata mmoja.

"Lifunue," Britta alisema.

Darrell akalivuta turubai. Chini yake kulikuwa na kiti chake cha kupandia mtini na kamba, basi.

"Alinijia karibu hivi, ningeweza kumpapasa," alisema. "Upinde nikauvuta. Halafu nikamwona akilini yule mzee akiizungusha kofia yake." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Sasa jike sina, dume sina, na shemeji zangu watanicheka mpaka Krismasi. Mwambie mzee mkewe hajambo. Alishuka bondeni kumfuata."

Britta alimkumbatia, yeye ambaye hata kusalimia watu humwia kazi. Alicheka huku machozi yakimtiririka.

Alikuwa bado anafuta uso pikapu kuukuu ya Mzee Haugen ilipotokeza. Alikimbia kuilaki.

"Mzee wangu! Darrell amemwacha! Wote wamemwacha! Yu hai, anakuja kwako!"

"Alifika," mzee alisema.

Akashusha mlango wa nyuma, akamkamata Lorna miguu, akamburuta hadi kwenye mizani. "Hata hakushtuka, alinyoosha shingo kama kawaida akitafuta mahindi. Haya binti, nipe kibali cha dume upesi. Lile kubwa bado limelala pale kwenye mitofaa."