Tindo Nyuma ya Ukuta

Saturnina, mwongoza watalii, alikuwa akiwaonyesha wageni ukuta wa mawe wa Wainka, wenyeji wa kale wa pale Cusco, uliobeba mabegani nyumba iliyojengwa juu yake na Wahispania, aliposikia tindo likigonga upande wa pili.

Akabandika kiganja kwenye jiwe. Lilitetemeka. Vumbi jeupe likachuruzika kwenye maungio ambayo hata wembe haupiti.

Kuutoboa ukuta ule, uliolindwa na sheria, ni jela. Na mumewe, aliyesota miezi saba bila kibarua, alikuwa ameanza kazi jana kwenye hoteli iliyo ndani ya nyumba hiyo. "Tunafungua kamlango tu, mke wangu," alimwambia asubuhi.

"Dada, nani anagonga?" mgeni mmoja akauliza.

Saturnina akaupiga ukuta kwa ngumi.

"Baba watoto! Weka chini hilo tindo, utoke humo sasa hivi!"

Tindo likanyamaza. Polisi aliyekuwa akilinda pale kona alikwishaanza kuvuka barabara.