Siku ya Ishirini na Moja

Muuguzi Zawena alisimama katikati ya daraja la mpakani. Hatua mbili mbele yake, tayari katika nchi nyingine, alisimama muuguzi mwenzake, Kabwika. Serikali zao hazikupatana kwa mengi, lakini shirika la afya la kimataifa lilikuwa limezipa fomu moja. Kila asubuhi wawili hawa walisomeana majina ya watu waliokaa karibu na wagonjwa wa ebola.

"Tausi, muuza vitunguu," alisoma Zawena. "Siku kumi simwoni. Asipopatikana leo nafunga soko zima."

"Usifunge, dada. Tumempata jana kwa mama yake, huku kwetu. Alijifungia chumbani siku zote hizo, chakula anasukumiwa mlangoni."

"Homa?"

"Hana. Hasira anazo. Na leo ametimiza siku ishirini na moja tangu akae na mgonjwa."

"Basi ametoka hatarini," Zawena alisema, akalikata jina kwenye fomu. "Hata salamu asitume, mwanamke huyu!"

"Mgombeze mwenyewe. Yule anakuja."

Tausi alikuwa anapanda darajani na gunia kichwani, akipenya katikati ya watu, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma kumkwepa.