Karani Hana Upande

Wageni hawajapata hata kukaa vizuri, Shangazi Evarista alishaianza suruali.

"Hii ya kufagia uwanja tutaificha wapi siku ya kanisani?" aliuliza, macho kayakaza kwa Anyitike, kijana wa Kinyakyusa aliyevaa bugaluu pana kama magunia mawili. Anyitike akavuta miguu chini ya benchi.

Mzee Bartolomeo alimkata dada yake jicho. Hiyo ilikuwa posa ya tatu kuingia nyumbani kwake Nyololo kumtaka binti yake, Matilda. Mbili za mwanzo dada yake Evarista alizifukuza kwa maneno matupu, na Matilda akarudi kufundisha darasa lake bila kunung'unika, jambo lililomuuma mzee kuliko kama angelia. Safari hii alikuwa amejiapiza kwamba kikao hakivunjiki.

Bahati ikawa upande wake. Wageni waliokuja kutoka Mbeya kwa lami mpya walikuwa watatu: mshenga Asukile, mtu wa maneno mengi, huyo Anyitike, na bwana mmoja mtulivu, mvi zimeanza kumchungulia masikioni, ambaye Asukile alimtambulisha kuwa karani mwandamizi wa Bunge huko Dar es Salaam. Ndiye anayekaa mbele ya Spika na kumnong'oneza kanuni mambo yakianza kuharibika. Mzee Bartolomeo, ambaye siku za Bunge redio yake haiguswi na mtu, nusura amkumbatie. Mtu kama huyo akae benchi moja na wasindikizaji? Akamshika mkono, akamkalisha ubavuni mwake kwenye kiti chenye mto.

"Leo Spika ni mimi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nisaidie, Bwana Karani. Dada yangu yule ataniangushia kikao."

"Labda mimi ningekaa tu kule na wenzangu, Mzee."

"Karani hana upande. Au nakosea?"

"Akiwa kazini, Mzee, hana," alikubali yule bwana, akajifuta jasho, ingawa kwa baridi ya asubuhi ile wazee wote walikuwa wamejifunika blanketi.

Kwa ukoo wa Bartolomeo, mchumba hatajwi jina wala haonyeshwi mpaka ombi lijibiwe, ili akikataliwa aweze kupita njia ile ile kesho bila kuchekwa. Mshenga husema tu "kijana wetu". Lakini watu wana macho, na sebule nzima ilikuwa inamtazama Anyitike.

"Kijana wetu ni mpole," Asukile alianza. "Halewi, hagombani na mtu, kazi yake anaiheshimu."

"Na suruali je?" Evarista akadakia.

Karani aliinama sikioni mwa Mzee. Mzee akakohoa, akajikunjua kitini. "Kikao hiki kinajadili ombi," akatangaza. "Suruali haijawasilishwa."

Wazee wakacheka. Evarista naye hakuwa mtu wa kukwama njiani, akageuza. "Basi tungoje mahindi yavunwe, tuje tulizungumze kwa nafasi."

Mzee alinywea. Ile posa ya pili nayo ilikufa hivi hivi, kwa kungojea mavuno. Alipogeuka kuomba msaada, mnong'ono ulikuwa umeshafika, na wa haraka kupita kiasi: "Muulize ni nani anayemuunga mkono."

Mzee akauliza. Harufu ya kuku ilikuwa imejaa sebuleni, na wajomba wote kwa pamoja wakaona kitu cha maana sana darini. Hoja ya kungoja ikafia hapo. Jikoni wanawake walikuwa wanacheka, na cheko la Matilda lilisikika juu ya mengine yote.

Evarista akamgeukia karani mwenyewe. "Wewe baba naona ni mtu mzima, una akili zako. Hebu tuambie wewe. Huyo kijana wao unamwonaje?"

"Karani hachangii, mama," akajibu, akiangalia viatu vyake. "Na kwa huyo, nikimsifu mimi haitapendeza."

Mzee Bartolomeo alimtazama kwa heshima kubwa. Watu wa namna hii ndio wanaoiendesha nchi, alijisemea, hata kupendelea mtu wa kwao hawataki.

Akakihoji kikao. Wa ndiyo wakasema ndiyo. Siyo ilikuwa moja tu, ya Evarista, japo ilitosha kuamsha mbuzi waliolala nje. "Walioafiki wameshinda," akasema Mzee, na maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni mwake kupita yote aliyowahi kuyasema. Matilda akaitwa. Alitokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi, macho chini, akajibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Machozi yalimlenga mzee, akayaacha yatoke.

Evarista akishashindwa hana kinyongo. Alijifunga kanga upya akamwelekea Anyitike. "Haya, kijana, inuka basi, tumwone mkwe wetu."

Anyitike hakuinuka. Alikuwa ameinamia magoti, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mzee hakuelewa. Akamwinamia tena mshauri wake. "Hapa utaratibu unasemaje, Bwana Karani?"

"Utaratibu unataka mchumba aanze kumwamkia shangazi, Baba," akanong'ona yule bwana. Akafunga kifungo cha koti, akaondoka kwenye kiti chenye mto, akaenda kuchutama mbele ya Evarista.