Sindano Kwenye Bariyeri

"Hii dawa ni ya waasi," askari wa kizuizi cha barabarani alisema, akiinua kwenye jua la asubuhi kimoja cha vichupa viwili alivyovikuta kwenye mfuko.

Mfuko ulikuwa wa Irène, muuguzi. Dawa ilikuwa ya mwalimu mmoja wa mtaa wa Kinama, mwenye kifua kikuu kisichosikia vidonge vya kawaida. Ndiye mgonjwa wa kwanza kutibiwa nyumbani, asilazimike kuvuka mji wenye risasi. Lakini jana askari walichukua wanaume watatu mtaani kwake, na hawajarudi. Akimtaja, watamfuata.

"Apana, chef. Ni yangu. Mi niko na ugonjwa ya kifua."

"Basi jipige sindano hapa, nione."

Irène akavuta dawa kwa sindano. Akapandisha kitenge, akatafuta nyama ya paja, akauma meno. Dawa iliingia polepole, ikiwaka kama pilipili. Tone la damu likateremka.

Askari alilitazama mpaka likafika gotini, kisha akamrudishia mfuko wenye kichupa kimoja kilichobaki.

"Unajipiga kila siku, mama?"

"Kila siku," Irène akajibu kabla hajafikiri. "Miezi sita."

"Sawa. Kesho utajipiga tena mbele yangu."