Kola ya Shati

Saa sita mchana fundi cherehani alitoa mguu kwenye pedali, akafumba macho. Sala hii aliipata kwenye mafungo ya Mtakatifu Inyasi: unaipitia asubuhi yako taratibu, unamshukuru Mungu, kisha unamuuliza ni wapi ulimpita bila kumwona.

Alishukuru kwa uzi ambao haukukatika. Alishukuru hata kwa wifi yake asiyefunga mdomo, ambaye sasa alikuwa uani akijaza maji beseni la kufulia.

Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akamwona tena mjane aliyeleta asubuhi hiyo shati la marehemu mumewe lipunguzwe, alivae yeye. Kola ilikuwa nyeusi kwa jasho.

“Mimi sishoni nguo chafu, mama. Tutalifua kwanza,” fundi alikuwa amemwambia.

Mjane alilileta shati usoni, akavuta pumzi ndefu, ndipo akaliachia.

“Wifi!” Fundi aliruka, kiti kikaanguka. “Hilo shati usilitie maji!”

“Makubwa! Leo sala imekuishia njiani?”

Mkono mmoja wa shati ulikuwa umeshalowa. Kola ilikuwa bado kavu.

“Lakini wifi, linanuka jasho la mtu!”

“Najua,” fundi alisema, akalikunja taratibu, kola ikiwa ndani, harufu isitoke.