Kamba ya Mbuzi

Kamba ilipofika pima mbili, Mize alimwambia mama yake inatosha.

"Ya mbuzi huyuhuyu?" aliuliza mama, viganja vyake bado vikisokota usumba wa nazi pajani. Alikwishasahau jina la binti yake, lakini mikono haikuwa imesahau kitu.

"Huyuhuyu, mama. Ile ya zamani ameikata."

Afisa ustawi wa jamii alikuwa bado amekaa nao barazani, anamalizia chai. Alikuja kijijini Bweni kueleza mpango mpya wa serikali kwa wazee wenye maradhi ya kusahau: watunzwe nyumbani, na jamaa zao.

"Nikienda shamba, nani anakaa naye?" Mize aliuliza. "Juzi wamemtoa baharini, maji yamemfika kifuani."

"Ndiyo maana tunasisitiza familia, dada. Nyumbani ndiko kwenye mapenzi." Aliishika ile kamba, akaivuta kwa nguvu. "Bibi, hii haikatiki."

Mama alicheka, amefurahi kusifiwa. Afisa akaaga, akawasha pikipiki yake.

Mize alimwingiza mama chumbani, akamkalisha kitandani. Akapiga magoti, akampandisha kanga, akamzungushia kamba kwenye kifundo cha mguu, palepale penye kidonda cha ile ya zamani.

Mama aliinama kutazama. "Sivyo, atafungua," alisema. Akaushika mkono wa Mize, akauongoza. "Pitisha huku, kisha rudisha chini."

Mize akapitisha.

"Sasa kaza. Huyu mjanja."